Kunde za mwaka mzima: kupanda, kupika na kukausha majani yake nyumbani

Februari hapa Dodoma mboga za majani hazina bei. Ukienda kumjulia hali jirani unarudi na kanga imejaa majani ya kunde, na ukifika nyumbani unakuta mwingine amekuachia ya maboga mlangoni. Njoo Oktoba sasa. Jirani yuleyule amesimama sokoni mbele ya mafungu ya mchicha uliokwisha kusinyaa. Analigeuza fungu, analirudisha, mwishowe ananunua kwa sababu watoto hawawezi kula ugali mkavu.

Mwongozo huu ni wa kuiunganisha miezi hiyo miwili kwa zao moja tu, kunde. Nalipenda kuliko mboga nyingine zote za bustanini. Jani lake linaliwa bichi na kavu, punje zake zinaliwa, na mizizi yake inaurutubisha udongo. Kenya magharibi Wajaluo huliita bo na Waluhya likhubi. Wasukuma na Wanyamwezi wana jina lao hata kwa majani yakishakauka: nsansa. Mimi nimejifunza nsansa kwa mama mkwe wangu, mwenyeji wa Shinyanga, na mengi utakayosoma hapa chini yalianzia kwenye jamvi lake.

Anza kwa kuhesabu jua

Miaka yangu mitatu ya mwanzo nilipanda kunde zote Desemba, mara tu mvua ilipoilainisha ardhi. Majani yakaja kwa wingi Januari na Februari, miezi ambayo asubuhi ina jua na saa tisa alasiri mvua inapiga. Nikaanika, nikaanua, nikaanika tena. Siku ya tatu majani yalikuwa meusi kingoni na yananuka kama nguo iliyofungiwa mbichi. Yote yakaenda kwenye shimo la mboji. Mama mkwe alipokuja kututembelea akaniuliza, "Mwanangu, hizi za kuanika ulizipanda lini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikujua kama kuna kunde za kula na kunde za kuanika.

Kwa hiyo kabla hujashika jembe, shika kalenda. Tafuta kipindi ambacho eneo lako huwa na siku tatu mfululizo za jua kavu bila wasiwasi wa mvua. Kutoka hapo rudi nyuma wiki nne hadi tano. Hiyo ndiyo tarehe ya kupanda kunde za kukausha, maana majani ya kwanza huwa tayari siku 21 hadi 28 baada ya kupanda, na wingi wenyewe huja wiki moja au mbili baadaye.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 570 hivi kwa wastani. Mimi sasa napanda mara tatu. Desemba, tuta moja la mboga ya kila siku. Mwishoni mwa Januari, kipande cha punje, ili maganda yakomae Aprili mvua zikiaga. Wiki ya pili ya Machi, kunde za kukausha: zinaota kwa mvua za mwisho, na ninapoanza kuchuma katikati ya Aprili mbingu zimeshakuwa safi.

Kwenye misimu miwili ya mvua hesabu ni ileile, tarehe ndizo zinazobadilika. Machakos na Kitui, kunde zilizopandwa mwishoni mwa Novemba hukutana na jua la Januari. Nairobi nisingeanika Juni wala Julai, maana ni miezi ya baridi na mawingu. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Pwani hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo huko usitegemee jamvi na jua pekee: tengeneza kaushio nitakaloeleza mbele.

Mbegu

Kuna kunde zinazotambaa na zinazosimama. Zinazotambaa hutoa majani mengi kwa muda mrefu. Zinazosimama huwahi kuweka maganda na kumaliza. Kwa mboga chukua zinazotambaa, au zile za matumizi yote mawili. Kenya, mbegu za M66 na K80 zinajulikana kwa majani na punje pia. Tanzania zipo kama Tumaini, Fahari na Vuli-1, zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa. Mbegu za kienyeji za jirani yako nazo usizidharau, hasa kama amezipanda hapohapo kwa miaka mingi.

Punje za kula kutoka sokoni zinaota pia, mradi si za zamani na hazijatobolewa. Zijaribu kwanza: hesabu punje 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto. Siku ya nne fungua. Zikiota 8 au zaidi, panda. Zikiota 5, panda maradufu au tafuta nyingine. Mbegu iliyopakwa rangi imetiwa dawa. Hiyo ni ya ardhini tu, usije ukaipika hata ikibaki.

Tuta

Kunde haichagui sana udongo, ila haipendi kusimama kwenye maji. Mahali pa mvua nyingi inua tuta sentimita 20. Mahali pakame kama kwetu fanya kinyume: chimba tuta lililodidimia, chini kidogo ya usawa wa njia, ili kila tone la mvua na kila kopo la maji libaki kwa mmea. Nilipoacha kuinua matuta nilipunguza umwagiliaji kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki.

Pima tuta la mita 1 kwa mita 5. Tifua hadi sentimita 20, changanya na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena na isiyo na joto ukiingiza mkono. Usiongeze mbolea ya kukuzia. Kunde hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mizizi, na ukiipa nyingi inalainika na kuwaita wadudu.

Chora mistari mitatu, sentimita 30 kutoka mmoja hadi mwingine. Kila sentimita 12 hadi 15 weka punje mbili, kina cha sentimita 3, yaani zaidi kidogo ya pingili moja ya kidole. Fukia, gandamiza kidogo kwa kiganja. Tuta zima litakula ngumi moja tu ya mbegu. Usisie kitaluni kwa nia ya kuhamisha, mizizi ya kunde haipendi kusumbuliwa.

Asiye na kiwanja atumie gunia au ndoo iliyotobolewa chini, udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja, miche minne hadi mitano kwa ndoo ya lita 20. Itatosha mboga ya mara moja kwa wiki. Ya kukausha haitapatikana hapo.

Wiki nne za mwanzo

Kwa joto letu kunde huchomoza siku ya tatu hadi ya tano. Kuku wanajua siku hiyo kuliko wewe, kwa hiyo funika tuta kwa matawi ya miiba mpaka majani mawili ya kwanza yakomae. Wiki ya pili ng'oa mche mmoja dhaifu kila shimo. Palilia mara mbili; baada ya hapo kunde zinafunika ardhi zenyewe.

Unapong'oa ile miche ya ziada, itazame mizizi. Utakuta vinundu vidogo kama punje za ulezi. Kikwangue kimoja kwa ukucha: kinatoka kirahisi, na ukikipasua ndani kina wekundu wa waridi. Hapo kazi ya naitrojeni inakwenda vizuri. Lakini kama uvimbe uko kwenye mzizi wenyewe, umeufanya kuwa kama shanga zilizoungana na haubanduki, hiyo ni minyoo fundo. Vuna majani upesi, ng'oa kila kitu, choma mizizi, na mwaka unaofuata panda mahindi au mtama hapo, si kunde wala nyanya.

Adui mkubwa wa majani ni wadudu mafuta, wale weusi wanaojazana kwenye vikonyo vichanga na chini ya majani. Wananyonya, na wanasambaza batobato. Kagua kila asubuhi kwa kugeuza majani ya juu. Wakiwa wachache wafikiche kwa vidole. Wakizidi, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku tatu. Majivu yaliyochekechwa, yakirushwa asubuhi majani yakiwa na umande, nayo yanasaidia. Mche uliopata batobato, wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano na kijani, ung'oe siku hiyohiyo.

Tuta la majani mimi silipigi dawa ya dukani. Kunde huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi, na dawa nyingi zinataka usubiri siku kadhaa kabla ya kula. Mtu mwenye njaa ya mboga hahesabu siku hizo kwa uaminifu.

Kuchuma

Uchumaji ndio unaoamua kama tuta litaishi wiki tano au miezi mitatu. Mche ukifika wiki ya nne, kata ncha yake ya juu. Utaona matawi yanachomoza pembeni, na kila tawi ni mboga. Baada ya hapo chuma majani machanga ya juu, yale unayoweza kuyakata kwa kidole bila kuvuta uzi. Acha ya chini yaliyokomaa. Ni magumu kula, na ndiyo yanayoulisha mmea.

Maua yakianza, amua. Ukiendelea kuchuma majani, punje zitakuwa chache. Ndiyo sababu natenga kipande cha punje na kile cha majani. Familia zinazochuma vyote kwenye mche mmoja hulalamika kwamba kunde hazizai, kumbe zimeshavunwa kwa njia ya jani.

Ya kupika leo chuma asubuhi mapema, ya kukausha subiri umande ukauke.

Kunde mbichi za karanga

Kwa watu watano: gramu 500 za majani yaliyochambuliwa, kikombe kimoja cha karanga, kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi.

Anza na karanga kwa sababu ndizo zinazoharibu au kuokoa chungu. Zimwage kwenye ungo mweupe uzichague moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi ya ajabu, tupa. Usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Zilizobaki zikaange kwa moto mdogo mpaka zinukie, pepeta maganda, twanga au saga ziwe laini.

Chambua majani kwa kuvunja kikonyo na kukivuta nyuma ili uzi utoke. Osha mara tatu, kila mara ukiyainua majani kutoka majini. Ukimwaga maji juu yake unarudisha mchanga uliokwisha kutuama. Kata kwa upana wa kidole, au yavunje kwa mikono.

Chemsha vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo, tia majani, funika dakika 7 hadi 10. Maji yake usiyamwage. Tia kitunguu na nyanya, acha vilainike. Koroga unga wa karanga kwenye maji ya vuguvugu uwe kama uji mzito, mimina, punguza moto. Kuanzia hapa usiondoke. Karanga zinashika chini haraka, na zikishika chungu chote kinanuka moto. Koroga polepole kwa dakika 15, mpaka utakapoona matone ya mafuta yanaelea juu na mchuzi unashikamana na mwiko. Hapo mboga imeiva. Kula na ugali wa uwele au mtama, na kipande cha ndimu pembeni: vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Chai iache mpaka baadaye, maana inafanya kinyume.

Pwani wataweka tui la nazi mahali pa karanga: tui jepesi la kuchemshia, tui zito mwisho, na halichemki sana likishaingia. Magharibi mwa Kenya wanalainisha kunde kwa mrenda, na ni njia nzuri kuliko magadi. Magadi yanalainisha kweli na kulifanya jani liwe la kijani, lakini yanaharibu vitamini na yanaongeza chumvi mwilini. Majani yakiwa machanga huyahitaji.

Kaushio

Kuanika juani moja kwa moja ni njia ya zamani na inakausha. Tatizo ni kwamba mwanga mkali unaharibu vitamini A ya jani, na upepo unaleta vumbi, nzi na kinyesi cha kuku. Ukitaka kuanika bila kutengeneza kitu, anika kivulini penye upepo, juu ya kichanja, na ukubali siku ya ziada.

Lakini kaushio ni kazi ya Jumamosi moja. Tengeneza sanduku la mbao, urefu mita 1, upana sentimita 60, juu ya miguu inayofika kiunoni. Upande wa mbele uwe chini kuliko wa nyuma ili paa liiname. Paa ni nailoni angavu iliyokazwa kwa misumari. Ndani weka fremu mbili za neti zinazoingia na kutoka kama droo, na juu ya fremu ya kwanza tandaza kitambaa cheusi chepesi, kisiguse majani, kiyakinge na mwanga na kivute joto. Toboa matundu ya hewa mbele chini na nyuma juu, uyafunike kwa neti ya nzi. Hewa baridi inaingia chini, inapashwa, inabeba unyevu na kutokea juu. Bila matundu ya juu umetengeneza jiko la mvuke, na majani yatapikika.

Neti iwe ile ya plastiki ya madirishani. Usitumie chandarua cha mbu, hata kikuukuu: vingi vimetiwa dawa, na dawa hiyo itaishia kwenye mboga.

Siku ya kukausha

1. Chuma kiasi ambacho kaushio linaweza kubeba, karibu kilo 2 kwa kila mita mraba ya neti. Tamaa ya kujaza ndiyo inayooza majani.

2. Chambua na kuosha siku hiyohiyo, kama ya kupika. Acha majani mazima, au yakate vipande vikubwa, vidogo vinapukutika.

3. Chemsha maji lita 5, tia nusu kilo ya majani, na maji yakirudi kuchemka hesabu dakika 2. Ukiwa na chombo cha mvuke, dakika 3 kwa mvuke ni bora zaidi, kwani vitamini chache zinapotea majini. Wapo wanaokausha mabichi kabisa, na inawezekana, ila vimeng'enya ndani ya jani vinaendelea na kazi hata likikauka, na baada ya miezi mitatu rangi inakuwa ya nyasi na ladha inafifia. Dakika mbili za maji ya moto zinavizima.

4. Opoa, tumbukiza kwenye maji baridi safi dakika 2, chuja kwenye ungo mpaka maji yaache kudondoka. Usikamue kwa nguvu, majani yatashikamana kama donge la kisamvu.

5. Tandaza safu moja, kila jani na nafasi yake. Anza saa tatu asubuhi. Geuza mchana mara mbili.

6. Jioni, kama hayajakauka, ingiza ndani kabla umande haujaanza. Asubuhi rudisha. Kwa jua la Aprili na Mei hapa kwetu, kaushio linamaliza kwa siku moja au mbili, na kivulini ni siku mbili hadi tatu.

Kujua kama yamekauka ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Siku moja nilimwonyesha mama mkwe jamvi langu nikiwa na uhakika. Akachukua jani moja, akalisogeza sikioni, akalifikicha kwa vidole viwili. "Halijasema," akasema, akalirudisha. Alasiri akalifikicha jingine na kunisogezea mimi sikioni: lilikuwa linatoa sauti kavu, kama karatasi ya sigara, na likapukutika lote pamoja na kikonyo. Kikonyo ndicho cha kuangalia. Jani huwahi kukauka, lakini kikonyo kikiwa bado kinapinda bila kuvunjika, kuna maji ndani.

Kilo 10 za majani mabichi zitakupa kilo 1 na kidogo. Usishtuke, sehemu kubwa ya jani ilikuwa maji.

Kufungasha

Acha majani yapoe kabisa ndani ya nyumba, saa moja au zaidi. Mwaka wa nne, nikiwa nimeshapata ustadi wa kukausha, niliyapakia yakiwa na joto la jua kwenye ndoo yenye mfuniko. Wiki ya tatu nilipofungua, ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu, na kazi ya mwezi mzima nikaifukia. Joto lile lilitoa mvuke, mvuke ukaganda kwenye mfuniko na kurudi kwenye majani.

Siku hizi nafanya jaribio la usiku mmoja. Natia konzi moja kwenye chupa ya kioo kavu, nafunga, naiacha hadi asubuhi. Nikiona ukungu wa maji au tone lolote kwenye kioo, yote yanarudi kwenye kaushio. Kioo kikiwa kikavu, nafungasha.

Vyombo vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa kuwa kila ukifungua unaingiza hewa yenye unyevu. Natumia chupa za kioo zenye mfuniko wa kubana, na mifuko mizito ya nailoni niliyoitoa hewa na kuifunga mara mbili. Andika tarehe. Weka mahali pakavu, penye giza na baridi, mbali na jiko. Kioo kikikaa mwangani rangi inapotea. Mwezi wa kwanza kagua kila wiki. Jani likianza kulegea bila ukungu, lianike tena. Likiwa na ukungu, tupa chombo kizima, usichague. Kwa ladha nzuri maliza ndani ya miezi sita. Mwaka mzima yanafika kama yalikauka sawasawa.

Njia hiihii nimeitumia kwa majani ya maboga na mlenda. Mlenda hauhitaji maji ya moto, ukauke kivulini kisha utwangwe uwe unga.

Kupika nsansa

Kwa watu watano chukua gramu 60, yaani mikono miwili iliyojaa bila kugandamiza. Suuza haraka, loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 hadi 30, kisha yapike na maji hayohayo ya kulowekea, ukiacha mashapo ya chini. Chemsha kwa moto mdogo dakika 30, onja kikonyo, ongeza muda ikibidi. Nyanya zisitangulie, uchachu wake unachelewesha jani kulainika. Likishalainika, endelea na kitunguu, nyanya na karanga kama mwanzo.

Ladha haifanani na ya kunde mbichi, na si haki kuipima kwa kipimo hicho. Ni nzito zaidi, ina kitu cha moshi na cha nyama ndani yake, na inataka karanga nyingi kidogo. Watoto wangu wanaiomba hata Februari.

Punje, kwa ufupi

Chuma maganda yanapogeuka rangi na kukauka, kila baada ya siku chache. Usingoje shamba zima, kwa sababu fukusi wa kunde huanza kutaga shambani. Pura, pepeta, anika mpaka punje ikiwekwa jinoni ivunjike badala ya kubonyea. Ukiona vidoa vyeupe vilivyogandamana kwenye ganda la punje, hayo ni mayai. Ukiona tundu la mviringo, mdudu amekwisha toka na wenzake wako ndani.

Punje za kula zitandaze nyembamba juu ya nailoni nyeusi, zifunike kwa nailoni angavu, bana kingo kwa mawe, ziache juani kutoka saa tano hadi saa nane mchana. Joto la humo linaua mayai na viluwiluwi. Halafu zitie kwenye mifuko ya PICS yenye tabaka tatu. Mifuko hiyo ilianzia kwenye kunde hasa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliifanyia kazi Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakagundua kwamba hewa ikizibwa wadudu wanaimaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula na kufa. Kwa punje chache, chupa ya maji ya lita moja na nusu inafanya kazi hiyohiyo, mradi imekauka ndani, imejazwa hadi shingoni ukiitikisatikisa, na kifuniko kimekazwa. Usiifungue mpaka siku ya kupika.

Mbegu za mwakani mimi nazitoa kwenye miche mitano niliyoifunga uzi mwekundu tangu Februari, ile yenye majani mengi na isiyopata batobato, ambayo sikuichuma jani hata moja. Zinakaa kwenye chupa yake peke yake, imeandikwa "usipike". Wiki ya mwisho ya Novemba naifungua, nahesabu punje 10, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kuziweka juu ya kabati la jikoni, karibu na chupa ya mwisho ya nsansa.